Kabla ya Kumkabidhi Mtu Mali Yako

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa mali kisha akatuuliza tumeichuma wapi na tumeitoa kwa nani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume watu wa Makka walimwita Al-Amin, na hata walipomfanyia uadui hawakupata mtu mwingine wa kumwekea vitu vyao. Usiku aliohama alimwacha Sayyidna Ali bin Abi Talib nyuma ili arudishe kila amana kwa mwenyewe. Ziwafikie pia jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa Kitangari na mnaosikiliza kwa redio popote mlipo, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo huzungumzwa zaidi barazani kuliko juu ya mimbari, nalo ni hili: ni nani anayefaa kukabidhiwa fedha zetu? Nani atuwekee, nani atukopeshe, nani atuuzie mazao yetu, na nani tumsikilize anapotushauri tufanye nini na tulichovuna?

Nyote mnajua hali ya uwanda wetu huu wa Makonde. Mkulima hupalilia, hupulizia salfa kuzuia ubwiri unga, huokota korosho moja moja chini ya mkorosho, na kuanzia mwezi wa Oktoba, minada inapofunguliwa, fedha huingia Newala, Tandahimba na Masasi kwa miezi michache. Kisha hukatika mpaka msimu mwingine. Katika miezi hiyo michache huingia pia watu. Huyu anakuja na karatasi za mkopo, huyu anakusanya fedha za biashara ambayo haijulikani ni ya nini, huyu anasema anazo njia za kuzizalisha. Kila mmoja ana maneno mazuri. Na kabla ya hapo, katika miezi ya njaa, walikwisha kuja wengine kwa mlango wa nyuma.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sisi si watu wasiojua kuchagua. Mzazi akitaka kumpeleka mwanawe jandoni, huuliza ngariba ni nani, amewatahiri watoto wa nani, nao walipona vipi. Mwenye kutaka kuoza binti huuliza mpaka ukoo wa babu. Lakini mtu huyo huyo hutoa fedha za msimu mzima kwa kijana aliyemwona mara mbili, kwa sababu kijana yule alivaa vizuri na akamwamkia kwa adabu.

Ndugu Waislamu, dini yetu imetufundisha namna ya kuchagua. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, tunasimuliwa habari ya binti wa yule mzee wa Madyan, ambaye alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, na akataja sifa mbili: kwamba ana nguvu ya kuifanya kazi, na kwamba ni mwaminifu. Nabii Yusuf naye, alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri, alijitaja kwa mambo mawili, kuhifadhi na kujua, kama ilivyo katika sura yake, aya ya 55. Tazameni kwamba katika kila mahali sifa ni mbili, wala moja haikuachwa. Mwaminifu asiyejua hesabu atakupotezea mali yako huku akilia pamoja nawe. Mjuzi asiye mwaminifu ataipoteza kwa makusudi, na hesabu zake zitakuwa safi kuliko za mtu yeyote.

Na tazameni pia Mtume mwenyewe (S.A.W.) alivyofanya siku ya hijra. Alihitaji mtu wa kuwaongoza yeye na Sayyidna Abubakar katika njia isiyopitwa na watu, ilhali Makureshi wanawatafuta. Aliyeajiriwa ni Abdullah bin Uraiqit, mtu wa Banu Dil, ambaye wakati huo alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimpa ngamia wao wawili wakaagana naye wakutane katika pango la Thaur baada ya siku tatu. Naye akaja. Basi aliyekabidhiwa roho ya Mtume hakuchaguliwa kwa sababu ya kuswali pamoja nao. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na kwa kuwa uaminifu wake ulikuwa umejulikana.

Nalisema hili kwa kuwa wako watu wanaoiingia mifuko ya Waislamu kwa mlango wa msikiti. Hutanguliza salamu ndefu, huketi safu ya mbele, hutaja jina la sheikh fulani, na baada ya swala ya Alasiri hufungua mkoba. Imepokewa kwamba mtu mmoja alitoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), naye akataka aletwe mtu anayemjua shahidi yule. Akatokea mmoja akasema anamjua kuwa ni mtu mwema. Umar akamwuliza kama yeye ni jirani yake wa karibu anayejua kuingia kwake na kutoka kwake, mchana na usiku. Akasema hapana. Akamwuliza kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu. Akasema hapana. Akamwuliza kama amewahi kusafiri naye. Akasema hapana. Umar akamwambia kwamba basi hamjui. Na katika baadhi ya mapokezi, akaongeza kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka.

Ewe ndugu yangu, mwenye kusema hayo alikuwa Khalifa wa Waislamu, naye aliijua thamani ya swala kuliko sisi. Hakuidharau swala. Alijua kwamba fedha ina mtihani wake peke yake, na kwamba mtu hajulikani katika mtihani ambao hajaufanya.

Nchi yetu imekwisha kuonja matunda ya kusahau jambo hili. Wengi wanaikumbuka DECI, ambayo watu waliambiwa wapande mbegu nao watavuna zaidi ya walichopanda, na katika waliokuwa juu yake walikuwamo viongozi wa dini wa wenzetu Wakristo. Hapakuwa na shamba wala duka. Malipo ya aliyetangulia yalitoka katika mfuko wa aliyejiunga nyuma yake, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Wala haifai tukacheka tukasema hayo ni ya jirani. Mtego ule ule ukifunikwa kwa kanzu utanasa vilevile. Mtu akikuahidi faida, muulize faida hiyo inatoka katika kazi gani, na kama mwaka wa hasara utakuja, hasara itakuwa ya nani. Asiyeweza kukujibu maswali hayo mawili kwa maneno ambayo wewe utaweza kumsimulia mkeo jioni, mwachie mkoba wake.

Sasa, ndugu Waislamu, niingie katika jambo ambalo naona ndilo chimbuko la magomvi mengi yanayoletwa kwetu kusuluhishwa. Watu hukabidhiana fedha bila ya kutaja zimekabidhiwa kwa jina gani. Huyu anasema, shika hizi. Yule anasema, nimezishika. Zikipotea, kila mmoja ana hukumu yake.

Katika sheria yetu jina ndilo linalobeba hukumu. Ukimpa mtu fedha kwa jina la amana, yaani akuwekee tu, hana ruhusa ya kuzitumia; na zikiibwa au kuungua bila ya uzembe wake, halipi. Ukimpa kwa jina la mkopo, ni zake azitumie apendavyo, lakini ni deni shingoni mwake, ziungue zisiungue, na huna haki ya kumdai hata senti moja ya ziada. Ukimpa kwa jina la mudharaba, afanyie biashara, faida mtagawana kwa sehemu mliyoafikiana, na hasara ya mali ni yako ikiwa hakukiuka wala hakuzembea, naye hasara yake ni jasho lake. Na ukimpa uwakili, akuuzie au akununulie, ujira wake ni ule mlioutaja, na kinachozidi ni chako. Majina manne, hukumu nne. Fedha ni zile zile.

Hakuna aliyelifahamu jambo hili kuliko Zubeir bin Awwam (R.A.). Watu walikuwa wakimletea mali awawekee, naye alikuwa akikataa kuipokea kwa jina la amana. Aliwaambia iwe mkopo, kwa kuwa alichelea isije ikapotea. Zingatieni ukubwa wa maneno hayo. Kwa jina la amana angelikuwa salama mali ikipotea. Yeye akachagua jina linalomfunga, ili mwenye mali awe salama, naye apate kuitumia kwa halali. Alipouawa siku ya vita vya Ngamia, mwaka wa 36 wa hijra, mwanawe Abdullah alikuta madeni yanayofika milioni mbili na laki mbili, wala baba yake hakuacha dinari wala dirhamu, ila ardhi na majumba. Abdullah akauza, akalipa. Warithi walipotaka kugawana kilichobaki, akakataa mpaka atangaze katika msimu wa hija miaka minne, kila mwenye kumdai Zubeir na ajitokeze. Huyo ndiye mtu wa kukabidhiwa mali, na hiyo ndiyo nyumba ya kukabidhiwa mali: inatangaza deni lake ili lilipwe, ilhali nyumba nyingine huzima taa mwenye kudai anapobisha hodi.

Basi pima kwa kipimo hicho. Ukitaka mtu wa kukuwekea, mahali pa kuwekea ni pale palipopewa ruhusa ya kupokea akiba za watu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma hao katika madaraja. Wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ni wengi katika miji yetu, wanapewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania kukopesha fedha zao, lakini hawaruhusiwi kupokea akiba za wananchi. Basi mkopeshaji anayekuambia umwachie akiba yako, hata kama ana ofisi na bango, amekwisha kuvuka mpaka wake. SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na benki nazo si milima isiyotikisika: Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mara moja, na wenye akiba humo walikuwa na kinga ya Bodi ya Bima ya Amana isiyozidi shilingi 1,500,000 kwa kila mmoja. Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa ikawa shilingi 7,500,000. Ajuaye hayo ataweka kwa kipimo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule Bedui kumfunga ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Ama wakopeshaji, na hasa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, sina haja ya kurefusha. Riba ni riba, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mlaji wake, mlipaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Nitasema neno moja tu kwa aliyekwisha kubanwa: mkopeshaji akikutaka umwachie kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri, huyo hakutaka dhamana. Ametaka ufunguo wa nyumba yako.

Na wale wa mlango wa nyuma niliowataja, wa miezi ya njaa, ni wenye kangomba. Huja mkulima akiwa hana unga, humpa fedha kidogo, na malipo ni korosho za msimu ujao kwa bakuli lao. Wako wanaojitetea kwamba Uislamu umeruhusu kulipa bei mapema na kupokea mazao baadaye. Ndiyo, umeruhusu, na jina lake ni salam. Lakini Mtume (S.A.W.) aliiwekea masharti ya kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana, na wanavyuoni wakasema bei yote ilipwe pale pale. Aidha amekataza kuuza matunda ya mti fulani kabla hayajaonyesha kukomaa. Bakuli lisilo kilo, linalojazwa mpaka likafanya kilima, liko mbali na masharti hayo kama Kitangari ilivyo mbali na Makka. Na aliyewaonya wapunjao vipimo aliteremsha sura nzima kwa ajili yao.

Ziko pia taasisi zinazojitaja kuwa hazitozi riba. Tunamshukuru Mungu kwamba tangu mwaka 2011 nchi yetu ina Amana Bank inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo, kama CRDB ilivyofanya mwaka 2021 kwa huduma ya Al Barakah. Nenda, lakini nenda ukiuliza. Ikiwa wanakuuzia pikipiki au bati kwa malipo ya polepole, uliza kama kitu kile kimekuwa mali yao kwanza kabla ya kukuuzia, na kama ukichelewa nyongeza inakwenda wapi. Mwenye haki hachukii kuulizwa.

Na kuna mshauri. Huyu ndiye asiyetiliwa shaka, kwa kuwa haombi fedha. Anakwambia tu, ndugu yangu, nenda kwa fulani. Muulize analipwa na nani. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, Ibn Lutbiyya, kukusanya zaka, aliporudi akagawanya, hizi zenu na hizi nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu yule asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Basi dalali anayepata fungu kwa kila mkopaji anayempeleka, ushauri wake umekwisha kununuliwa kabla hajafika mlangoni kwako.

Nayasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, mimi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuteremka juu ya swala wala funga. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo ni juu ya kuandika deni. Ndani yake mna jambo tunalolipita. Mwenyezi Mungu ameamuru kwamba anayetoa maneno ya kuandikwa awe ni yule mwenye kudaiwa, na ikiwa hana uwezo wa kuyatoa, basi msimamizi wake ayatoe kwa uadilifu. Leo mambo yamegeuka. Anayedai huja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, mara nyingine kwa lugha asiyoijua mkulima, na mdaiwa kazi yake ni kubonyeza kidole kwenye wino. Mzee asiyesoma anayo haki, tena kwa amri ya Mola wake, ya kuja na msomaji wake mwenyewe, mwanawe au mwalimu wa kijiji, asomewe kila mstari kwa Kiswahili au Kimakonde kabla ya kuweka dole. Na karatasi yenye nakala moja tu, inayobaki kwa mwenye kudai, si ushahidi wenu nyote wawili.

Nao kina mama nawataja kwa heshima, kwani katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa wengi huweka sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu mbalimbali, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sijaona fiqhi ya amana iliyotendwa vizuri zaidi ya hiyo. Kilichobaki ni kuiondoa riba wanayotozana, nalo linawezekana wakikaa na wanavyuoni.

La mwisho ni ushirika wetu. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na korosho zetu zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo katika msimu wa 2007/2008. Tangu hapo viongozi wa AMCOS ni mawakili wetu: wanapokea mzigo, wanaupima, wanaufikisha ghalani, na fedha zinalipwa kwa hesabu walizozipeleka. Hawa hatuletewi na mtu. Tunawachagua wenyewe. Lakini siku ya mkutano mkuu wengi huwa shambani, na siku ya malipo wengi huwa na malalamiko. Na wako waliokubali korosho za mwenye kangomba zipimwe kwa majina yao. Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Novemba 2018, ikabidi mashamba yahakikiwe ili ijulikane ni nani mkulima na nani si mkulima, na wenye haki wakasubiri malipo pamoja na wasio na haki. Kumwazima mtu jina lako mezani pa mzani ni ushahidi wa uongo, hata kama amekupa nauli.

Basi mkutano utakapoitishwa, nendeni. Ombeni daftari lisomwe. Anayegombea kuwa karani wa mzani, waulizeni majirani zake, waliosafiri naye, na waliomkopesha.

Ewe Mola wetu, tuwezeshe kurudisha amana kwa wenyewe, waondolee madeni waliolemewa, wape subira wanaodai, na uzibariki riziki za watu wa uwanda huu. Amin. Simameni kwa swala.